Nilimwandikia mama mkwe kilo sabini ili nisimwaibishe, ndege ikabaki chini

Wakuu, salaam kutoka Kisumu, mji ambao jua linakuamsha kabla ya alarm.

Hii ninayoandika imenitokea mimi mwenyewe, si binamu wala jirani wa rafiki. Jina la kampuni sitaji kwa sababu bado nakula kwao.

Nafanya kazi uwanja wa ndege hapa, kwa kampuni ndogo yenye ndege ndogo za kwenda Nairobi. Cheo changu kwenye barua ya ajira ni kirefu, kinachukua mstari mzima. Kazi yenyewe ni moja. Mimi ni mtu wa mizani.

Wale mliozoea ndege kubwa hamjui mambo haya. Huko abiria mnakadiriwa tu kwa jumla. Ndege yetu ina injini moja na viti kumi na viwili, kwa hiyo kila kitu kinapimwa: sanduku, mkoba, na wewe mwenyewe. Unapanda kwenye mizani ile ile ya masanduku, namba inaandikwa, mimi najumlisha pamoja na mafuta, naweka saini kwenye load sheet, ile karatasi ya uzito, kapteni anaisoma, mnaondoka. Uzito ukizidi, kitu kinashuka. Haijalishi ni cha nani.

Hapo ndipo utawajua binadamu. Nimeona mtu anavua viatu, anavua mkanda, anatoa simu mbili mfukoni, halafu anavuta tumbo ndani. Ndugu yangu, tumbo likiingia ndani bado uko nalo.

Halafu hakuna mtu anayeondoka Kisumu bila samaki. Mtu ana mkutano Nairobi, tai shingoni, laptop mkono wa kulia, katoni mkono wa kushoto. Ukimuuliza kuna nini anakwambia ni documents. Documents gani zinadondosha maji?

Sasa, kwa wale wasio Wajaluo, niwaeleze kitu kimoja ndipo tuendelee.

Kwetu mama mkwe, maro, ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono. Hukai naye kochi moja. Huli mbele yake. Akiingia kwa mlango wa mbele, wewe ghafla unakumbuka kuna kazi nyuma ya nyumba. Nimeoa miaka sita, na hotuba yangu ndefu zaidi kwake ni "Mama, mmeamkaje," nikiangalia viatu vyangu.

Basi juzi juzi mke wangu akaniambia mama yake anatoka Bondo kwenda Nairobi kupasuliwa jicho. Jicho la kushoto lilishaenda zamani kwa presha ya macho. Hili la kulia ndilo lililobaki, nalo limeingia mtoto wa jicho, lina ukungu mtupu. Daktari mwenyewe ni mgeni, anakuja nchini mara moja moja, na siku mbili baadaye alikuwa anaondoka. Mama alitakiwa awe amelazwa kufikia saa nane mchana. Akikosa, arudi kwenye foleni, na foleni yenyewe walikuwa wameikaa miezi.

Simu ya hospitali iliingia alfajiri ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo kwa barabara asingefika kwa wakati huo. Ndege za kampuni nyingine asubuhi hiyo zilikuwa zimejaa. Iliyobaki ni yetu ya saa nne.

Mke wangu aliniambia maneno machache tu. "Baba Akinyi, hakikisha amefika. Na tafadhali usimwaibishe."

Wakuu, hayo maneno mawili niliyabeba pamoja, na hapo ndipo nilipokosea.

Asubuhi ile nilikuwa zamu na Nafula, dada wa Bungoma tunayefanya naye kazi. Yeye anakaa kaunta, mimi nasimamia hesabu. Mizani yetu ya kaunta, kwa ujinga wa aliyeinunua, ina kioo kikubwa cha namba nyekundu kinachotazama foleni. Ukipanda, Kisumu nzima inajua.

Nikamwambia Nafula, "Kuna mama anakuja kutoka Bondo. Ni mama mkwe. Usimpandishe kwa mizani."

"Sasa niandike nini?"

"Andika sabini."

Akaniangalia. "Sabini ya kuona ama ya kukisia?"

"Ya heshima."

Mimi nikaingia chumba cha mizigo nikajificha. Kupitia ule upenyo wa mapazia ya plastiki ambapo masanduku hupita, nikamwona akija, ameshikwa mkono na shemeji yangu. Mama ni mrefu, ana mabega, anatembea kama mwenye shamba. Sabini? Sabini labda ni upande mmoja. Lakini kichwa changu kiliendelea kuniambia kwamba mkwe anayeandika kilo za maro wake kwa mkono wake mwenyewe amekosa adabu.

Mizigo yake ilipimwa vizuri. Katoni ya samaki, mbuta, kilo kumi na nne. Mfuko wa viazi vitamu na njugu, kilo tisa. Mtu anaenda hospitali na viazi vitamu, lakini hayo tuyaache.

Abiria walikuwa kumi na mmoja. Nairobi kulikuwa na mawingu mazito, kapteni akaomba mafuta ya ziada ili akishindwa kutua aweze kurudi. Nikajumlisha kila kitu. Nafasi iliyobaki: kilo nne.

Nikaweka saini. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Abiria wakatembea mpaka ndege ilipoegeshwa. Nikabaki nyuma ya toroli la mizigo, nimempa mama mgongo. Kapteni, dada mmoja asiyecheka saa za kazi, akachukua load sheet akaipitishia jicho.

"Hii ni saini yako?"

"Ndiyo, kapteni."

"Uko sure?"

Huwa anauliza hivyo kila siku, na kila siku najibu ndiyo kabla hajamaliza. Safari hii nikageuka. Mama alikuwa anapanda ngazi, ameshika reli kwa mikono miwili, anapapasa kila kidato kwa mguu kwa sababu hakioni. Nyuma yake kulikuwa na msichana amebeba mtoto mchanga. Nikaona watu kumi na mmoja wakiingia ndani ya hesabu yangu ya uongo.

Wakuu, niliogopa. 

"Kapteni, hapana. Kuna mtu mmoja hakupimwa. Mimi ndiye niliyekataza."

Alinitazama hivyo mpaka nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Wote washuke. Huyo arudi kwa mizani. Na mafuta sipunguzi."

Hapo sasa abiria wakaanza. Kulikuwa na mheshimiwa mmoja, mwakilishi wa wadi, suti ya bluu, ana mkutano, anajulikana na watu, atapiga simu.  Mama alirudi pole pole, na mimi nikatangulia mbele nikiangalia ukuta.

Akapanda mizani. Namba nyekundu ikawaka. Foleni ya ndege nyingine ikageuka kutazama. Mimi nimegeuza uso, Nafula ameangalia kibodi.

"Inasema ngapi?" mama akauliza.

Nafula akajifanya anaandika.

"Mimi sioni. Inasema ngapi?"

Nafula akakohoa tu.

"Wuon Akinyi." Yaani Baba Akinyi. Miaka sita, hakuwahi kuniita mbele za watu. "Najua uko hapo. Nasikia vile unapumua. Hii si ni kazi yako? Soma."

Nikageuka. Nikasoma. "Mia moja na kumi na mbili, mama."

"Na wewe uliandika ngapi?"

"Sabini."

Kuna mtu kwenye foleni aliguna. Mama akabaki amesimama pale juu, mkono kiunoni, anatafuta upande sauti yangu ilikotoka.

"Sasa ulikuwa unataka nianguke kwa ziwa na watoto ya wenyewe, sababu ya heshima? Hiyo heshima ungekuja kuniambia wapi?"

Nikachukua kalamu nikaanza kujumlisha upya. 

Tulikuwa tumezidi kilo thelathini na nane. Kwa utaratibu wetu, mzigo ndio hushuka kwanza, na usipotosha anashuka abiria ambaye uzito wake haukuwa kwenye hesabu. Yaani yeye. Ilikuwa saa nne na robo, na kapteni alishasema kwamba kufika na nusu anaondoka na walio halali, kwa sababu mawingu ya Nairobi yalizidi kujaa.

Mama akasema, "Toa samaki. Toa na viazi." Ishirini na tatu zikatoka. Zikabaki kumi na tano.

Nikawaomba abiria. Kila mtu akawa na sababu. Mmoja ana vitabu vya mtihani, mwingine dawa za mzee. Mheshimiwa alikuwa na katoni mbili, akasema hizo ni vitu sensitive.

Mama akashuka kwenye mizani, akaelekea sauti ilikotoka, akasimama karibu naye kabisa. Hakupaza sauti.

"Baba, mimi nimesomewa kilo zangu na mtu ameoa msichana wangu, mbele ya watu wote hawa. Nimetoa chakula yangu. Nabaki na jicho moja, na hiyo moja daktari anaingoja saa nane. Wewe hiyo katoni iko na nini?"

Mheshimiwa akatazama chini. "Kalenda."

"Kalenda ya nini?"

Kabla hajajibu, msichana mwenye mtoto akamjibia. "Ni za picha yake, mama. Alikuwa anatugawia kule nje."

Foleni nzima ikapasuka kicheko. Jamaa naye, niseme ukweli, akacheka kwa aibu, akaisukuma katoni kwa mguu mpaka kwangu. Kilo kumi na sita za uso wake, mwezi baada ya mwezi.

Nikaandika load sheet mpya. Kapteni akaipitia mara mbili. Saa nne na dakika ishirini na nane injini ikaunguruma, na ndege ikapita juu ya ziwa ikapinda kuelekea mashariki. Nikakaa juu ya katoni ya kalenda nikaitazama ikipotea.

Mchana huo niliandika ripoti mwenyewe kabla sijaandikiwa. Nilipewa barua ya onyo na kuondolewa kwenye hesabu kwa mwezi mzima. Saa hizi nasukuma matoroli. Nilistahili, na sitaki mtu anitetee kwenye comments.

Samaki? Wangeharibika. Mama alipiga simu kutoka Nairobi akaagiza wapikwe kwetu. Tulikula siku mbili.

Kilichonileta hapa ni cha jana.

Jana amerudi, kwa ndege yetu ile ile. Nilikuwa kule mwisho, karibu na uzio. Nilipomwona mlangoni, mwili ukafanya ulichozoea, nikainama nyuma ya masanduku. Akashuka ngazi peke yake, hajashikwa na mtu, miguu inajua inapokanyaga. Akavua miwani myeusi. Akatazama huku, akatazama kule, halafu akasimama.

"Wuon Akinyi! Toka huko nyuma ya mizigo. Na hiyo shati umeruka kifungo moja."

Nikajiangalia kifuani. Nilikuwa nimeruka kimoja kweli, cha tatu kutoka juu.

Wakuu, nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, wenzangu wakidhani nimegongwa na toroli.

Nilichojifunza: heshima ya mama mkwe ni deni langu mimi, ndege haihusiki. Siku nyingine nitampima kwanza, aibu niione baadaye. Na wewe unayepanda ndege ndogo ukimwambia mtu wa mizani "andika tu kitu," mwenzako wa kiti cha nyuma ana mtoto.

Uwanja ni wenu. Nani hapa kazi yake imewahi kumkutanisha na wakwe, na alitokaje? Mnaotaka kunitukana pia karibuni, foleni ianzie kwa mke wangu. Ila msiniulize kilo za mheshimiwa, hizo ni siri ya kampuni.