Niliulizwa Kama Najua Kupanda

Nitasema hili mara moja tu, na atakayecheka acheke sasa hivi amalize, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijaweza kulicheka: niliwahi kugandamana na jiwe huko Pinga, mita nne juu ya ardhi, mbele ya watu waliokuwa wakitoka sokoni, nikalia kwa sauti, mimi mtu mwenye diploma ya kilimo.

Wakati huo nilikuwa nimekaa nyumbani Kashuga mwaka wa pili bila kazi, na Mama alikuwa ameniombea kanisani mara nyingi hata wamama wenzake walikuwa wanalijua ombi langu kuliko mimi. Ndipo tangazo likafika kwa simu: anatafutwa kijana mwenye diploma, anayejua kupanda vizuri, wa kufundisha vijana wa Pinga, awe na afya. (Hilo neno afya lilininyima usingizi siku tatu. Kwa nini afya? Wanajua nini kunihusu?) Mwishowe nikapiga simu, akapokea dada mmoja wa Goma, anaitwa Neema, ndiye aliyetoa tangazo, na rezo ilikuwa mbaya, sauti inakuja na kupotea.

"Kaka, unajua kupanda kweli?"

"Sana, dada. Tangu niko mutoto, na Mama yangu."

"Mama yako pia anapandaka?"

"Ananipita. Hata na mimba ya mudogo wangu, miezi munane, alikuwa anapanda."

"Eh! Na unapandaka na kamba ao bila kamba?"

Hapo nilifurahi, maana ni swali la mtu aliyesoma. Chuoni walitufundisha kuvuta kamba shambani ili mistari inyooke, na mimi huwa nawaonea huruma wanaomwaga mbegu ovyo. "Na kamba, siku yote," nikasema. "Bila kamba ni kazi ya watu wenye hawakusoma."

"Njo vile! Na kama kunainama sana?"

"Kwetu ni milima tupu, dada. Penye kuinama njo pazuri, maji haikai."

"Kuja," akasema. "Kuja tu, kaka." Na Jumapili Mama akasimama kanisani akashukuru, watu wakapiga makofi.

Nilifika Pinga kwa piki, matope mpaka magotini, jembe nimelifunga mgongoni na kilo mbili za maharagi ya mbegu kwenye mfuko. Neema akalitazama jembe lile, hakuuliza kitu, akanishika mkono akanipeleka kwa vijana wake, saba au wanane, na watatu kati yao walikuwa wasichana. "Hawa watatu," akaniambia kwa furaha, "wazazi walikuwa wamekataa. Nikawaambia habari ya mama yako na mimba yake, njo wakakubali."

Nikafikiri, ni wazazi gani hao wanaokataza binti kulima? Lakini sikuuliza. Tukafuata njia ya msituni, nami nikijiambia shamba liko mbele, na njia ikaishia kwenye jiwe. Jiwe limesimama wima, fupi, labda mita nane, limegongomewa pete za chuma kutoka chini mpaka juu, na kamba ya rangi ya machungwa inaning'inia kutoka pete ya mwisho. Nilisimama nikijiuliza hapa mtu atapanda nini. Ukoka? Labda ni somo la mmomonyoko wa udongo? (Naapa nililitafutia jiwe lile sababu ya kilimo kwa dakika nzima.) Kisha Neema akanifunga mkanda kiunoni na mapajani, akanivalisha kofia ngumu, akasema, "Kaka, basi uwaonyeshe namna munapandaka kwenu," na neno lile likageuka ndani ya kichwa changu, nikaelewa yote kwa pamoja, simu yote, neno kwa neno, mpaka mimba.

Sentensi moja ingetosha. Dada, mimi ni mtu wa maharagi. Lakini nilimwaza Mama kanisani, niliwaza makofi yale, nikawaza kwamba kamba inashikwa na Neema mwenyewe na mita nane si kitu, kwetu watu wanapanda milima na magunia. Nikasema, "Hakuna shida."

Pete ya kwanza nilipita kwa miguu, ya pili kwa magoti, ya tatu sijui nilipita kwa nini. Halafu nikaangalia chini. Tangu hapo mikono haikuwa yangu tena. Nililikumbatia jiwe, shavu nimelibandika kwenye ukungu wa kijani wa jiwe lile, na Neema anaita kwa upole, "Kaka, jiachilie tu nyuma, kamba itakushika," nami kila kitu mwilini mwangu kinajibu hapana.

Watu waliokuwa wakitoka sokoni kwa njia ile wakaanza kusimama.

"Ule njo mwalimu?"

"Njo yeye. Anafundisha kushikilia."

"Kaka, jiwe halitakimbia! Uliachilie!"

"Munyamaze, iko nasali."

Ni kweli nilikuwa nasali, na kumbe nilisali kwa sauti, kwa sababu mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo akaitikia "Amina," na wenzake wakaitikia, na kwa nia njema kabisa wakaanza wimbo. Niliutambua. Ni ule tunaouimba tukimpeleka mtu makaburini. Nikalia.

Aliyenifuata ni Papa Bahati, mvuna asali wa pale, mtu wa miaka hamsini na zaidi, aliyekuwa anapita tu na njia yake. Alivua viatu, akapanda pembeni yangu bila kamba, huku Neema anapiga kelele ashuke, mpaka pumzi yake nikaisikia sikioni.

"Mwanangu, achilia hiki kidole."

Nikaachilia.

"Na hiki. Na kile. Sasa uniambie, ulisomaka nini?"

"Kilimo, Papa."

"Basi nani amekupandisha huku?"

Sijui kwa nini sikunong'ona. "Nilifikiri ni maharagi!" nikapaza sauti, na jiwe likairudisha, ikafika kwa kila mtu. Halafu soko zima likaanguka kwa kicheko, nami nikaachilia kidole cha mwisho, nikashushwa polepole kama mzigo.

Kicheko kile ningekivumilia. Neema aliketi kwenye jiwe dogo, uso kwenye viganja, sikujua kama analia au anacheka. Nilichoshindwa ni yule msichana mkubwa kati ya watatu, aliyenisogelea akauliza taratibu, "Kwa hiyo mama ule wa mimba, hayuko?"

"Yuko," nikasema. "Lakini alikuwa anapanda maharagi."

Akawatazama wenzake. "Twende basi." Wakavua kofia zao, wakazipanga chini vizuri, wakaondoka.

Kazi alipewa Papa Bahati. Mimi nilirudi kwa piki asubuhi iliyofuata. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, akauliza tu kama wale mabinti walirudi tena kwenye jiwe, nami nilikuwa nimeondoka bila kuuliza.

Tangu siku ile niliapa kwamba sitajibu "ndiyo" kwa neno ambalo sijaliuliza linamaanisha nini. Na nimekitunza kiapo. Mwezi uliopita mtu mmoja alipiga simu, akauliza kama niko agronome, nikamwuliza ana maana gani akisema agronome, akaeleza kwamba ni mtaalamu wa kilimo, nikamwuliza akisema "niko" ana maana leo au siku zote, akakata. Nilipiga tena mara nne. Mama alikuwa mlangoni, alisikia yote. Alichukua jembe lake akaenda shambani peke yake, na siku hizi simu yangu ikilia hageuki kutazama.