Moyo wa Mwanariadha

Kwa miaka ishirini na miwili, mama tunayemwita Mama Karatasi amepima umeme wa moyo katika chumba kidogo cha hospitali yetu, na hakuna aliyewahi kumwuliza anaona nini. Kazi yake ni kubandika waya na kutoa karatasi. Kusoma ni kwa daktari.

Jana aliyelala kwenye kitanda chake alikuwa mkurugenzi wa hospitali mwenyewe.

"Mapigo thelathini na sita tu kwa dakika!" daktari akashangilia. "Mzee, moyo wa polepole hivi ni wa mwanariadha."

Mkurugenzi, ambaye hata ghorofa ya kwanza huenda kwa lifti, akatabasamu.

Mama Karatasi alikuwa ameweka ukingo wa karatasi nyingine juu ya mchoro, akitia alama kwa kalamu. Vilima vidogo, vya vyumba vya juu vya moyo, vilikuwa na mwendo mmoja; vilele virefu, vya vyumba vya chini, vilikuwa na mwingine wa polepole. Hakuna kilichomngoja mwenzake.

"Si mwanariadha," akasema. "Njia ya umeme imekatika katikati. Mzee akienda nyumbani hivi, ataanguka."

"Mama, nani kakuuliza?" daktari akafoka. "Hebu bandua waya zako!"

Mkurugenzi akamshika mkono asibandue. "Nimeshaanguka, leo asubuhi, bafuni," akanong'ona. "Sijamwambia hata mke wangu."

Daktari akakohoa, akavaa miwani. "Ndicho nilichokuwa nataka kusema, mzee."