Siku Nyumba Yangu Ilipochuja Rangi Mbele ya Wakwe

Jamani, kuna jambo likitajwa Kasulu mpaka leo natafuta pa kuuweka uso wangu, na kwa kuwa kila mtu analisimulia anavyotaka (wapo wanaoapa nyumba ilianguka, wapo wanaosema mkwe wangu alizama kwenye tope mpaka magotini), bora nilisimulie mwenyewe, maana aibu yenyewe ni yangu na ninaijua kuliko wao.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakimbizi wanaingia kutoka Burundi na Kongo, makambi yanafunguliwa, na mimi nimepata kazi kwenye shirika moja dogo la mambo ya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kasulu na Kibondo na mashine ya mkono ya kufyatulia tofali. Unachanganya udongo na saruji kidogo, unaujaza kwenye mashine, unavuta mpini kwa nguvu zako zote, linatoka tofali limenyooka kama limepigwa randa, unaliweka kivulini na kulinyunyizia maji mpaka likomae, basi, hakuna tanuri wala kuni. Na kuni ndiyo ilikuwa shida yenyewe, kwa sababu watu wameongezeka, kila mtu anapika, kila mtu anajenga, na tanuri moja la tofali linakula miti mpaka unaona huruma, vilima nilivyovijua vina msitu nikiwa mtoto vilikuwa vimebaki na visiki.

Sasa nenda ukawaambie watu wajenge kwa tofali ambalo halikuchomwa! Nilikuwa nasimama sokoni Kibondo nahubiri mpaka koo linakauka, na mama mmoja muuza maharage ananiuliza, "Mwanangu, chungu tu tunakichoma, sembuse nyumba?" watu wanacheka, wanaondoka. Kwao tofali bichi ni la mtu aliyeshindwa. Mwanamume anayejiheshimu anachoma tanuri, majirani wanaona moshi, wanajua fulani anajenga. Mimi nilikuwa nawajibu kwa ujasiri mkubwa kwamba nyumba yangu mwenyewe kule Kasulu nimeijenga kwa tofali hizo hizo na inanitosha, na ilikuwa kweli, nilikuwa naipenda nyumba ile mpaka basi.

Ujasiri wangu uliisha nilipompata Skolastika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibondo, na baba yake, Mzee Bigirwa, alikuwa katekista mstaafu, mtu wa maneno machache, na nyumba yake ya tofali za kuchoma, nyekundu, ilikuwa inaonekana tangu barabarani. Nilipokwenda kuposa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tutakuja Kasulu kuona mahali mtoto wetu atakapoishi." Kwetu Buha hilo halina mjadala, kijana ajenge kwanza ndipo aozwe, na wakwe wakija kuangalia nyumba hawaji kunywa pombe tu, wanakuja kukuangalia wewe. Wakiondoka wamenuna, umekosa mke.

Skola aliponisindikiza aliniambia, "Baba ukimwambia jambo mapema halimsumbui. Mwambie tu ni tofali zako za mashine." Nikamjibu ego, ndiyo, nitamwambia. Sikumwambia.

Wiki ya wageni ilipofika nilianza kuiangalia nyumba yangu kwa macho ya Mzee Bigirwa, na kwa macho yale, jamani, ilikuwa mbaya! Kijivu fulani hivi cha kukosa furaha, kama biskuti iliyolala nje. Sikulala vizuri, nikila chakula hakishuki, nawaza nitarudije Kibondo kuhubiri nikiwa kijana aliyenyimwa mke kwa sababu ya tofali. Ndipo nikaamua jambo dogo tu, dogo kabisa, la mchana mmoja: nitaupaka ukuta wa mbele udongo mwekundu, upate rangi ya tofali za kuchoma. Si uongo, nilijiambia, ni urembo, hata kina mama wanapaka nyumba zao. Nikaukoroga udongo pamoja na uji wa muhogo ili ushike, nikapaka, kisha (hapa ndipo urembo ulipokwisha na mengine yakaanza) nikachukua chokaa na kijiti nikachora mistari, tofali moja moja, ukuta mzima.

Mwenzangu wa kazini, Festo, alipita akasimama, akaangalia, akavua kofia.

"Wewe bwana, mwaka mzima unawaambia watu tofali hili halina aibu, leo unalivalisha nguo ya mwenzake?"

"Ni rangi tu, Festo."

"Haya. Na hao kuku?"

Kuku wa jirani walikuwa wamekwisha kuja, wanaudonoa ukuta kwa sababu ya ule uji. Nikawafukuza. Siku mbili zile kazi yangu ikawa kufukuza kuku.

Jumamosi wageni wakashuka kwenye lori la mizigo kutoka Kibondo, Mzee Bigirwa amevaa kaunda suti ya rangi ya maziwa, imepigwa pasi mpaka inakata, na dada yake, Shangazi Verediana, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, yuko ndani ya gauni jeupe la kanisani, pamoja na wazee wengine wa ukoo. Skola mwenyewe hakuja, si desturi binti kuja kukagua. Nikawapokea, mwakeye, mwakeye, poleni na safari. Mzee akasimama mbali kidogo, akaiangalia nyumba kwa muda mrefu.

"Nyekundu," akasema.

"Ego, mzee."

"Nzuri."

Nusura nianguke kwa raha. Nikawaketisha barazani kwenye benchi, nikaleta pombe ya ndizi na mirija, na katika kiherehere changu sikufikiri kwamba mtu aliyetoka safari ndefu kwenye lori akikaa kwenye benchi lililo karibu na ukuta ataegemea. Mzee akaegemea. Shangazi naye akaegemea, akapumua, akajisugua mgongo kidogo kushoto na kulia kama ng'ombe kwenye mti, na alipoinama mbele kuchukua mrija nikaona mgongo wa lile gauni la kanisani. Ulikuwa mwekundu kuanzia mabegani hadi kiunoni, na katikati kuna mistari ya chokaa. Alikuwa amebeba tofali zangu mgongoni.

Nikawaza, almuradi wasisimame, wasigeuke, walewe kidogo, wapande lori jioni, rangi watasingizia safari. Kwa hiyo kila mtu akitaka kuinuka mimi nipo. "Shangazi, keti, keti, nitakuletea mwenyewe!" "Mzee, usisumbuke!" Nikaleta ugali, nikaleta samaki, mgebuka wa kukaanga, nikaleta maji ya kunawa mara mbili, wakawa wananiangalia kwa mashaka, pengine wanajiuliza kama kijana huyu ana homa. Mzee Bigirwa akanong'ona kwamba anahitaji kwenda msalani. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia asubiri kidogo, chai inakuja. Mzee wa watu! Katekista! Alinitazama kwa jicho ambalo nikilikumbuka natetemeka, lakini akasubiri.

Na mimi nilikuwa natazama mgongo wa shangazi, sikutazama juu. Ulikuwa mwanzo wa masika, ile mvua ya kwanza ambayo haibishi hodi, na mabati ya baraza nilikuwa nimeyafanya mafupi kwa sababu yaliniishia. Upepo ukaja, ukafuatiwa na mvua ya ubavu, ikaupiga ukuta wa mbele wote, na ule udongo na uji ukaanza kushuka, kwanza michirizi, kisha ukawa unatiririka, mwekundu, mzito, unapita chini ya benchi, unaingia kwenye viatu vya watu, ile mistari yangu ya chokaa inashuka nao. Shangazi Verediana akageuka, akaweka kiganja ukutani, akakitazama kiganja.

"Yemwe!" akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi sokoni. "Yemwe, nyumba inayeyuka! Tokeni!"

Wakatoka! Wazee wa heshima wakaruka baraza kama vijana, mmoja amekumbatia chungu cha pombe, mwingine bado ana mrija mdomoni. Nikawa nakimbia nyuma yao kwenye mvua napiga kelele, "Ni rangi! Ni rangi tu! Rudini!" lakini nani anamsikiliza mtu ambaye nyumba yake inayeyuka? Na majirani zangu, Mungu awabariki, ni watu wema mno, waliposikia nyumba inaanguka hawakuuliza, walikuja mbio, wakaingia ndani na kuanza kuniokolea mali. Nikaona kitanda changu kinatoka mlangoni, kikafuatwa na godoro, sanduku la nguo, beseni lililokuwa na nguo zangu za ndani nilizoziloweka asubuhi, vyote vinapangwa uani kwenye mvua kwa uangalifu mkubwa, mbele ya wakwe. Nilipojaribu kulirudisha godoro ndani, jirani mmoja alinikamata kiuno akaniambia, "Acha, ndugu yangu, mali inatafutwa, uhai hautafutwi." Nililia, jamani. Nilisimama katikati ya ua nikalia, na bahati yangu pekee ni kwamba mvua ilinifichia.

Mvua ikapungua. Watu wote wako ng'ambo ya njia, chini ya mabati ya jirani, wanangoja nyumba ianguke, na haianguki. Mzee Bigirwa ndiye aliyevuka peke yake, ile kaunda suti imekuwa na rangi nisizoweza kuzitaja, akaokota mpini wa jembe uliokuwa kando ya mlango, akaupiga ukuta. Akapiga tena kwa nguvu. Akatoa kisu mfukoni akakwangua, akainama, akatazama lile tofali la kijivu lililojitokeza, limeoshwa, kavu kwa ndani, halina hata ufa. Kisha akaniita kwa kidole.

"Hili ndilo lile tofali lako la sokoni? Lisilochomwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Zima kabisa." Akalipapasa. "Sasa mbona umelipaka uji?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa angeona ni nyumba ya mtu aliyeshindwa na kuninyima mtoto. Akajifuta maji yaliyokuwa yanamdondoka puani.

"Mimi nilikusikia Kibondo ukihubiri," akasema. "Nilijua ni tofali gani. Nilikuja kuona kama unaishi unachosema. Ukuta wako haukunidanganya, kijana. Wewe ndiye umenidanganya. Na msalani ni wapi?"

Nikamwonyesha. Jioni wakaondoka na lori, shangazi amefungwa khanga ya jirani, hakuna aliyesema ndiyo wala hapana, na mimi nikabaki nakausha godoro. Lakini habari haikungoja lori. Nilipofika Kibondo kwa kazi wiki iliyofuata, yule mama muuza maharage alininyooshea mkono kutoka mbali, "Mzee wa kuyeyuka, karibu!" na soko lote likaangua kicheko, na kila niliyemwambia kwamba ukuta ni mzima, kilichochuja ni rangi, alinipigapiga bega kama anavyofarijiwa mfiwa. Kazi ya mwaka mzima niliiharibu kwa ndoo moja ya udongo. Hilo liliniuma kuliko godoro, kwa sababu tofali halikuwa na kosa lolote, na mimi niliyelijua kuliko wote ndiye niliyelionea aibu. Skola alinitumia maneno kwa dereva wa lori: "Nimesikia nyumba yangu imeoga. Sasa ngoja baba."

Nikangoja. Siku moja Mzee akaniita, hakuniketisha, akanipeleka nyuma ya nyumba yake nyekundu akanionyesha shimo.

"Nijengee choo. Kwa tofali zako, na usipake kitu. Kikisimama masika haya yote, njoo na wazee wako. Kikianguka, usije."

Jamani, mimi nimewahi kuugua malaria, nimewahi kupotea porini, lakini sijawahi kuishi kwa wasiwasi kama masika yale. Nilikijenga choo kile kwa mikono yangu mwenyewe, kila tofali nililigonga kwanza nikalisikiliza, na kila mvua iliponyesha Kasulu nilisimama mlangoni najiuliza kama na Kibondo inanyesha, na kama kuna mtu ndani ya choo. Madereva wa malori wote wa njia ile walinifahamu, nikiwasimamisha hawaulizi, wanaitikia tu kutoka dirishani: "Kimesimama!" Wengine walinionea huruma, wengine (kuna mmoja, simtaji) alifika akafunga breki, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniacha nikae chini barabarani ndipo akacheka.

Kimesimama. Kiangazi kilipofika nikaenda na wazee wangu, tukaozwa. Na siku ya harusi, wageni walipowasili kutoka kila upande, kabla ya kumwona bibi harusi, kabla ya chakula, Mzee Bigirwa aliwapanga mstari akiwa na suti mpya, akawapeleka nyuma ya nyumba, yule mama wa maharage akiwa mbele, na nikamsikia kwa sauti yake ya kanisani akiwaambia waguse, wagonge, waingie wafunge mlango kama hawaamini. Mimi nilikuwa nimesimama na tai shingoni, natabasamu, natoka jasho. Tangu siku ile nimejenga nyumba nyingi, na mtu akiniomba nimpakie rangi ya kuchoma kidogo tu kwa ajili ya wageni, namwambia atafute fundi mwingine, mimi rangi hiyo nimekoma.