Mbio za Baba Lornah hadi Gatini

Wivu ukimshika mtu mzima humvua heshima. Huyu ulimvalisha kaptula. Joram Opiyo, fundi cherehani wa mtaa wa Nyalenda, baba wa watoto wanne, alijishonea kaptula kwa mabaki ya kitambaa cha sare za shule, na mwaka ule wa 1976 akaanza kukimbia kila alfajiri kama mtu aliyeibiwa.

Na kwa maoni yake alikuwa ameibiwa kweli. Nicodemus, mwalimu aliyekuwa jirani yao zamani, sasa alikuwa mwandishi wa kutajwa redioni. Kitabu chake kilisimulia kijana aliyekimbia kutoka daraja la Nyamasaria, akapita bomba la maji la Nyalenda, hadi gatini, akamwahi mpenzi wake kabla meli ya Asembo Bay haijang'oa nanga. Dorca, mkewe Joram, kila akifika ukurasa huo machozi yalimtoka. Akiulizwa analia nini, anasema ni moshi. Moshi gani, na jiko limezimwa?

Basi Joram akaamua kuifuata njia hiyo hiyo. Darajani alijiambia: hapa ndipo mke wangu na mwalimu walipoagana. Bombani: hapa alimbebea ndoo, mshenzi yule. Wamaitha, muuza viazi, alimwona akitweta.

"Baba Lornah, unafukuzwa na nani?"

"Na mwalimu," akajibu, akapita.

Wiki ya tatu uvumilivu ukamwisha. Akakibwaga kitabu mezani. "Mama Lornah, niambie leo. Huyu mwalimu alikukimbilia lini?"

Dorca akaacha kuchambua omena, dagaa wa ziwani. "Mwalimu hakukimbia. Alinibebea sanduku tu, siku kaka yangu aliponiita nyumbani Asembo, mwaka wa sitini na nne. Wewe nilikutumia habari uje gatini. Nilisimama pale mpaka honi ya mwisho."

Joram alikumbuka. Siku ile alikuwa na suti ya bwana harusi kwenye cherehani, na fundi aliyemfundisha kazi alimwonya kwamba nguo ya harusi haiachwi katikati, ni mkosi. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Asembo, akaposa, wakaoana, akadhani yamekwisha.

"Mwalimu aliniona vile nilikuwa naangalia barabara," Dorca akasema. "Akaandika mtu aliyekuja. Huyo ndiye ninamlilia."

Usiku huo Joram hakula. Kumbe alimwonea wivu mtu ambaye alipaswa kuwa yeye mwenyewe. Jumamosi akamwomba mkewe atangulie gatini, naye akakimbia njia nzima, daraja, bomba, gati, mpaka kifua kikamwaka. Dorca alimpokea, akamfuta jasho kwa leso, akacheka, wakarudi nyumbani pamoja polepole.

Jioni Dorca akafungua kitabu. Alipofika ukurasa ule, akalia vilevile. Joram alikuwa kwenye cherehani, mguu umesimama, akimchukia yule kijana aliyefika kwa wakati.