Dada Aliyenifundisha Vitenzi vya Kiingereza

Jana jioni, hapa Busia, binti yangu alinisogezea kitabu chake cha Kiingereza. Ameambiwa apige mstari chini ya nomino na azungushie vitenzi duara. Nikashika penseli, lakini, rafiki yangu, macho yangu hayakuwa tena kwenye ukurasa ule. Yalikuwa Nabuyoga, upande wa Tororo, nyuma ya jiko la bibi, mahali tulipokuwa tukimenya karanga mimi na dada yangu.

Dada ndiye aliyenifundisha aina za maneno, kabla hata sijafika darasa lake. Alitamka sentensi ya Kiingereza polepole, nami nikamtajia lipi ni jina la kitu na lipi ni tendo. Nikikosea hakunicheka. Alirudia sentensi ileile huku maganda yakivunjika vidoleni mwake. Bibi, ambaye Kiingereza hakukijua kabisa, alikoroga uji wa wimbi akisema tunamjazia kelele jikoni.

Mwalimu wetu alikuwa na mazoea ya kutia majina yetu katika sentensi za ubaoni: huyu anakimbia, yule anachota maji. Jina la dada lilitokea mara nyingi kuliko yote, kwa kuwa mkono wake ndio uliotangulia kuinuka.

Kisha baba akafariki, na dada akaacha shule akaenda Tiira kuchimba dhahabu pamoja na shangazi. Mwalimu alikuja nyumbani kumwombea arudi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mimi nasikia wewe. Lakini hii watoto itakula nini?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Dada akamletea uji, akamwambia asihuzunike, yeye atasoma kupitia kwangu.

Na kweli alisoma. Kila alipokuja mwisho wa juma, tope jekundu limemkaukia miguuni, aliketi nyuma ya jiko na kuniambia, "Haya, leta ya wiki hii." Vielezi alivijulia kwangu. Sikuwahi kujiona mkubwa kama siku ile. Mwalimu naye hakuliondoa jina lake ubaoni. Alisema bado ni mwanafunzi wake.

Mvua za masika zilipokolea, ukuta wa shimo moja kule Tiira uliporomoka. Dada alikuwa chini, anajaza udongo kwenye karai. Walimleta nyumbani amefunikwa turubai, na bibi akakataa mtu mwingine asimwoshe ile miguu.

Niliporudi darasani, mwalimu alikuwa akiandika sentensi kama kawaida. Mkono ukaandika jina la dada, kwa mazoea tu, ukasimama hapo. Kitenzi hakikuja. Alilifuta kwa kiganja, polepole, akatuambia tutoke tukacheze. Hakuna aliyecheza. Tulikaa ukutani tukimsikia ndani akipenga kamasi.

Siku hizi shule ile ina mabati mapya na walimu wageni. Bibi naye hayupo, jiko limeanguka, na kule Tiira mashimo ya wakati ule yamefukiwa, watu wamepanda mihogo juu yake. Mwaka jana nilikwenda Nabuyoga kuutazama mji wetu. Mama mmoja kijana anayelima pale alinisalimu vizuri, akaniuliza mimi ni wa nani hapa. Nikamtajia jina la dada yangu.

Alifikiri kwa heshima, jembe limeegemea bega.

"Huyo mimi sijui, mama," akasema. "Labda ni mtu ya zamani."