Mikeka ya Miguu ya Chuma

Ulikuwa mwaka tuliokula ngozi za kulalia. Tulizichoma manyoya, tukazikwangua kwa kisu, tukazichemsha kutwa nzima mpaka zikawa gundi, kisha tukainywa hiyo gundi. Waliosoma wanasema ilikuwa sitini na sita. Sawa. Mimi mwaka huo naukumbuka kwa meno, na ngozi ya fahali mzee haitoki menoni upesi.

Ngamia wetu walikuwa wamechukuliwa, wengine wakapigwa risasi mbele yetu. Sisi tulikusanywa nje ya mji wa Garissa, ndani ya ua wa miba na waya, ati tusiwalishe shifta, wale waasi wa porini. Tuwalishe nini? Mume wangu walimpandisha lori pamoja na wanaume wengine, hakurudi. Nikabaki na mama yake. Miguu ilikuwa imemvimba, hawezi kusimama, lakini ulimi ulikuwa mzima.

Kwetu mwanamke ndiye anayejenga nyumba. Anapinda fito, anazifunga kamba, anazivika mikeka. Kila asubuhi mama mkwe alilala chali akilitazama paa langu.

"Nyumba imelewa," alikuwa akisema. "Mwanangu alioa mbuzi, na mbuzi hajengi."

Uongo mtupu. Nyumba yangu ilisimama wima kuliko zote humo uani, kwa sababu nililijua jua. Fito zikipigwa na jua upande mmoja hukauka na kuivuta nyumba. Kwa hiyo mkeka wangu mzito ulikaa mashariki asubuhi, adhuhuri nikaupandisha juu, alasiri nikauteremsha magharibi. Kila siku ya Mungu. Mvivu nyumba yake hujikunja.

Nje ya ua mzungu mmoja alikuwa amesimamisha sahani ya chuma pana kuliko msikiti, ya kusikilizia nyota. Usicheke. Alisema nyota zinatoa mlio, hata mchana, na sahani ile ilikuwa sikio. Askari waliomlinda yeye ndio waliotuchunga sisi, bunduki zilezile. Niliruhusiwa kuteka maji kwenye pipa lake. Kiswahili mimi nilikipata sokoni nikiuza maziwa, yeye alikipata kitabuni, tukaelewana hivyo hivyo.

Siku moja nikamkuta anaitukana sahani. Alfajiri aliielekeza kwenye nyota yake, ikasikia vizuri. Jua lilipopanda, ikaikosa nyota. Alikuwa na daftari la kurekebishia: joto likifika hapa, zungusha gurudumu kiasi hiki, likizidi, kivute ndani kile kisanduku kilichoshikwa na mikono mitatu mbele ya sahani, pale mlio unapokusanyika. Hesabu zilikuwa safi, lakini hazikutimia.

"Joto lenyewe unalipima wapi?" nikamuuliza.

Akanionyesha kipimajoto. Kilining'inia mlangoni mwa hema lake, kivulini.

Nilicheka mpaka nikaweka debe chini. "Wewe mwanamume, chuma kinaungua kule, wewe unapima hema?" Nikamshika mkono, nikamgusisha mguu wa mashariki wa ile sahani. Akaruka kwa kelele. Nikamgusisha wa magharibi, ulikuwa bado baridi. "Huu umelishwa jua, umerefuka. Ule bado. Sahani yako inainama kama nyumba ya mvivu."

Alifunga vipimajoto kila mguu na kila mkono wa kisanduku, akaandika daftari upya. Sahani ikasikia afadhali. Lakini wingu likipita chuma kinapoa, likiondoka kinawaka, na kalamu yake inabaki nyuma. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza, kwa sababu alikuwa ameniita fundi, na tangu niolewe hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi.

"Acha kulifukuza jua kwa kalamu," nikamwambia. "Lizuie lisifike. Vika hiyo miguu mikeka upande wa jua, uache nafasi ya kiganja katikati, hewa ipite."

Kesho yake askari waliingia uani wakavua nyumba zetu mikeka. Walianza na yangu. Kisha ya jirani yangu, aliyekuwa amejifungua juzi yake. Kisha zote. Zikabaki fito tupu, na mama mkwe amelala katikati ya fito zangu jua likimpiga usoni. Mzungu alisimama langoni akitazama viatu vyake. Alisema aliomba mikeka, hakusema ya nani.

"Mdomo wako," mama mkwe akaniambia, "ni mpana kuliko sahani yao."

Ilikuwa kweli.

Askari walifunga mikeka vibaya. Waliikaza kwenye chuma kama bendeji, bila nafasi, joto likafungiwa ndani, sahani ikapotea zaidi kuliko mwanzo. Siku ya tatu afande akaja mpaka kwenye fito zangu.

"Mama, wewe ndio fundi?"

"Nani anauliza?"

"Kuja ufunge hii mikeka vile inatakiwa. Ukimaliza nakurudishia yako miwili, ufunike huyu mzee."

"Na ya wenzangu?"

"Ya wenzako itabaki kazini."

Jirani yangu alikuwa amesimama pale, ameligeuzia jua mgongo, kichanga amemficha ndani ya shuka. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

Mama mkwe alinivuta nguo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akaniita hooyo, kama mama wa kwetu anavyomwita mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Wafungie, hooyo. Hakuna anayefunga kama wewe. Nipate kivuli tu."

Miaka minane nilikuwa nimelingoja neno hilo. Amekuja kunipa siku anayotaka kununua nalo kivuli.

Nikamwambia afande: "Nyumba za watu nafunga. Chuma sifungi."

"Huyu atakufa."

"Namwona."

Akaenda zake. Nikasimama upande wa jua, nikatandaza kwa mikono miwili nguo niliyovaa, sina nyingine ya kutundika, kivuli changu kikamwangukia usoni. Jua likisogea, nasogea. Mikono ikishuka, ananitukana.

"Simama wima. Hata wewe umeinama."

Lakini adhuhuri jua hukaa utosini, na mtu anabaki na kivuli cha kukanyaga tu, hana cha kumpa mwenzake. Nilimlalia juu, nikawa namwongezea joto, nikaondoka. Alikata roho kabla ya alasiri. Pipa la mzungu nilikuwa nimekatazwa tangu nimkatalie afande, kwa hiyo hatukumwosha kwa maji, tulimpangusa kwa mchanga.

Wapo wajukuu wanaoniuliza kama ni mimi niliyemwua. Nawajibu kama nilivyosimulia: mdomo wangu ndio uliomvua mkeka, na mdomo huo huo ndio uliokataa kumrudishia. Kama mnataka nilie, mtangoja.

Asubuhi ya pili afande alirudi. Kaburi lilikuwa bado bichi, alilizunguka ili asilikanyage, nikamwona.

"Pole, mama. Sasa huna mzee wa kukuweka hapa. Kuja, sahani inangoja."

Nilikuwa nafungua kamba za fito zangu, nizipeleke kuongezea nyumba ya jirani.

"Nyumba za watu nafunga. Chuma sifungi."