Kamba ya makopo ya marehemu mke wangu

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, nakusalimu kwa heshima. Nakuomba unisitiri jina langu, na uniwie radhi kwa urefu wa maneno yangu. Najua wengi wanaosoma hapa ni wa rika la wajukuu zangu. Nawasihi mnisikilize hivyo hivyo.

Mimi ni mgane mwenye umri wa miaka sabini na mitatu. Nilisomeshwa na wamisionari, wakanifundisha kwamba ndiyo yangu iwe ndiyo, na siyo yangu iwe siyo. Naishi katika kijiji kimoja baina ya Kasulu na Kibondo, nalima mtama na maharage, na ninamiliki gobore la marehemu baba yangu, lenye leseni. Mtama unapoanza kutia maziwa, mimi na wenzangu wachache wenye bunduki ndio tunaoitwa kuwafukuza kwelea na njiwa.

Marehemu mke wangu hakuipenda kazi hiyo. Yeye aliamia ndege kama alivyofundishwa na mama yake: alichomeka miti shambani, akapitisha kamba juu yake, akaning'iniza makopo yenye kokoto, na ncha ya kamba akaifunga kwenye nguzo ya jiko. Akichambua maharage, kamba ilikuwa imepita kwenye kidole gumba cha mguu wake. Ndege wakitua, anavuta. Nami nikirudi na harufu ya baruti kwenye koti, ananicheka: "Baba Yohana, bunduki yako inaua mmoja na kualika mia kwenye msiba."

Alifariki mwaka juzi, wakati wa kupanda. Kamba niliiacha ilivyo, kwani sikuwa na moyo wa kuigusa.

Sasa nitasema jambo ambalo sijalisema hata kanisani. Msimu huu, kila asubuhi umande ukiwa bado majanini, makopo yanalia. Yanalia kwa kusitasita, kisha kwa nguvu mara moja, ndivyo alivyozoea kuvuta. Nimetoka mara nyingi kutazama. Migomba haitikisiki, mbuzi wamo bandani, jikoni hamna mtu. Na kwelea wanaolifunika shamba la jirani kama blanketi wanafika mpakani pangu, wanageuka. Mtama wangu umesimama mzima. Watu wakipita, hunisalimu wakiwa wameutazama mtama.

Jirani huyo namwita Mama Furaha. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni raia mwenzetu, analea watoto wadogo peke yake na huuza ndizi sokoni Kasulu. Msimu huu anavuna makapi.

Zamani, mwenye leseni ya bunduki alimwarifu mtendaji wa kijiji tu, kisha akaingia shambani. Mwaka huu tumetangaziwa kwamba utaratibu umebadilika. Kibali kitatoka wilayani, kitataja aina ya ndege, na kabla ya hapo afisa atakuja kujiridhisha kwamba kuamia kumeshindwa. Atakayefyatua kabla ya kibali atahesabiwa jangili. Wenzangu walilalamika sana mkutanoni. Athumani, mpigaji mwenzangu wa miaka mingi, aliuliza kama afisa atasimama pale kuwaelekeza ndege. "Marisau ya gobore hayajui kusoma," alisema. "Nikifyatua kwa kwelea akaanguka ndege mwingine, nitafungwa mimi au kibali?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Hofu yetu ni kwamba karatasi itafika ndege wakiwa wamekwisha kuvuna.

Mwisho wa mkutano wenzangu walinichagua niwasemee mbele ya afisa, kwa kuwa ni mtu wa kuaminika. Kisha Athumani akanivuta pembeni. Akaniambia kwa upole kwamba afisa akiona shamba langu limejaa na makopo yananing'inia juu yake, atasema makopo yanatosha, turudi tukaamie. Kibali hakitatoka kwa yeyote. Akaniomba niiondoe ile kamba na nisiitaje.

Jana Mama Furaha alikuja mwenyewe. Alikataa kiti, akaketi kwenye kizingiti.

"Baba, ikate."

Nilimwambia nitakwenda kumfungia kamba kama hiyo shambani kwake, kwa mikono yangu.

"Nimekwisha kufunga, Baba. Tangu mwezi uliopita. Wanatua juu ya makopo." Akatazama jikoni. "Yangu yanavutwa na mtu mwenye njaa. Yako yanavutwa na nani?"

Aliniaga vizuri, akaenda zake.

Ndugu zangu, nikiikata na kumwambia afisa kwamba kuamia kumeshindwa kabisa, nitakuwa nimesema uongo katika uzee wangu, nami mtama wangu unanishuhudia. Nikiiacha, watoto wa Mama Furaha watalala njaa kwa sababu ya makopo yangu. Nikieleza kweli yote, nitaitwa mchawi, au mzee aliyerukwa na akili. Na kama ni yeye anayevuta, basi kuikata ni kumfukuza nyumbani kwake.

Asubuhi ya leo nilichukua panga, nikaenda kwenye nguzo ya jiko. Nilishika kamba nipate mahali pa kukata. Ilikuwa imekaza, kama kamba ya mbuzi anayevuta upande wa pili. Sijui kwa nini nilisema, lakini nilisema polepole: "Mama Yohana, legeza kidogo."

Ikalegea.

Sikuikata. Panga liko mezani mbele yangu ninapoandika haya, na afisa anakuja keshokutwa. Ninyi mliofiwa na wenzi wenu, na ninyi mnaolisha watoto, naomba mnijibu kwa upendo: nirudi pale nguzoni na panga, au niiache kamba mikononi mwake?